Namna ya Kuchunguza Programu za Zamani Zinazoyumbisha Windows

Katika ofisi nyingi ndogo ipo kompyuta moja ambayo kila mtu anaijua kwa tabia yake: inaganda katikati ya kazi, inajizima na kujiwasha bila kuagizwa, au inachukua dakika kadhaa kabla ya kufungua folda. Ndani yake mna programu ya hesabu, ya stoo au ya mishahara iliyonunuliwa enzi za Windows XP, ambayo mwenye ofisi hayuko tayari kuiacha kwa sababu kumbukumbu za miaka yote zimo humo. Fundi akiitwa, jibu la haraka ni kuifomati mashine na kusakinisha Windows upya; kompyuta inatulia kwa muda, programu ile ile inarudishwa, na baada ya wiki chache mambo yanakuwa yale yale. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kulifuata tatizo hadi kwenye chanzo chake, na hoja yake ni kwamba katika Windows ya leo, programu ya zamani unayoiona kwenye skrini ni nadra kuiangusha kompyuta kwa nguvu zake yenyewe. Kinachoiangusha ni vitu ambavyo programu hiyo ilikuja navyo na kuviweka mahali usipopaona.

Maelezo yanahusu Windows 10 na Windows 11. Majina ya menyu na amri nimeyaacha kama yalivyo katika Windows ya Kiingereza, kwa kuwa ndiyo iliyomo kwenye kompyuta nyingi za ofisini.

Umri wa programu unaleta madhara kwa njia gani

Katika Windows 95, 98 na Me, programu zote za biti 16, yaani za muundo wa kabla ya Windows 95, ziliendeshwa pamoja katika eneo moja la kumbukumbu na zilipeana zamu kwa hiari, hivyo moja ikikataa kuachia zamu yake, nyingine zote zilisimama, na mara nyingi kompyuta nzima ilisimama nazo. Windows XP, iliyotoka Oktoba 2001, iliwaletea watumiaji wa kawaida msingi wa Windows NT, ambamo kila programu inapewa eneo lake la kumbukumbu, haiwezi kuandika katika eneo la kiini cha mfumo (sehemu ya ndani kabisa inayosimamia kompyuta nzima), na inanyang'anywa zamu muda wake ukiisha. Ndiyo maana programu ya hesabu ya mwaka 2003 inaweza kufunga mara kumi kwa siku na Windows ikaendelea kama kawaida.

Kinga hiyo ina mlango mmoja, nao ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa au inayojiingiza katika kazi za mfumo. Draiva haiendeshwi pamoja na programu za kawaida bali ndani ya kiini chenyewe, na ikikosea huko hakuna wa kuizuia. Mfumo unajiangusha kwa makusudi ili usiharibu data, na hapo ndipo unapoiona skrini ya bluu. Ni kama wapangaji wa nyumba moja: mwenye ufunguo wa chumba chake akivuruga, amevuruga chumba chake, lakini mwenye ufunguo wa kisanduku cha umeme anaweza kuwaacha wote gizani. Programu nyingi za zamani zilikuja na ufunguo huo wa pili. Antivirasi ziliweka draiva za kuchuja kila faili linalofunguliwa. Programu za kuchoma CD ziliweka draiva zao kati ya Windows na kiendeshi cha CD. Michezo iliweka draiva za kuzuia nakala haramu. Na programu ghali za hesabu na uhandisi ziliweka draiva ya dongo, yaani kile kifaa kidogo kinachochomekwa ili leseni itambulike.

Tukio la Januari 2018 linaonyesha jambo hili vizuri. Microsoft ilitoa sasisho la kukabili kasoro za vichakataji zilizopewa majina ya Meltdown na Spectre, na ikabainika kwamba baadhi ya antivirasi zilikuwa zikiingia katika kumbukumbu ya kiini kwa njia ambazo hazikuruhusiwa tangu mwanzo. Sasisho lilipobadilisha mpangilio wa kumbukumbu hiyo, kompyuta zenye antivirasi hizo ziliangukia skrini ya bluu au zikashindwa kuwaka, na kwa sababu hiyo Microsoft ililizuia sasisho lisiende kwenye kompyuta yoyote ambayo antivirasi yake haikuwa imeandika alama maalumu katika Registry (hifadhi ya mipangilio ya Windows) kuthibitisha kwamba inapatana nalo. Kumbuka mpangilio wa kisa hicho: programu ilikuwa imekaa miaka bila shida, Windows ikabadilika, na lawama ya kwanza ikaenda kwa sasisho. Hivyo ndivyo inavyokuwa hata katika ofisi zetu. Tarehe 19 Julai 2024 njia hiyo hiyo ilionekana kwa ukubwa zaidi, pale faili bovu lililosomwa na draiva ya CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, lilipoangusha kompyuta ambazo Microsoft ilizikadiria kuwa milioni 8.5; programu hiyo haikuwa ya zamani, ila ilikuwa na ufunguo ule ule.

Baada ya draiva yanafuata mafaili ya DLL yanayotumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Visakinishi vya miaka ya 1990 vilikuwa na mazoea mabaya ya kunakili matoleo yao ya mafaili hayo juu ya yale yaliyomo kwenye folda ya mfumo, hata kama yaliyomo yalikuwa mapya zaidi. Windows 2000 ilianza kuyarudisha yenyewe mafaili yaliyobadilishwa, na tangu Windows Vista hata mwenye akaunti ya msimamizi hawezi kuyaandika juu kwa urahisi, kwa hiyo balaa hili leo ni dogo kuliko mafundi wengi wanavyodhani. Hatari iliyobaki ni ya huduma zinazojiwasha pamoja na Windows na vipande vinavyojichomeka ndani ya Explorer, ile sehemu ya Windows inayoonyesha folda na skrini ya mwanzo, ili kuongeza kitu kwenye menyu ya kitufe cha kulia cha kipanya. Kipande cha namna hiyo kikianguka, Explorer yote inaanguka nacho. Utaona upau wa chini na alama zote za skrini zikipotea kwa sekunde chache kisha zikirudi.

Maandalizi

Nakili data ya programu kwenye diski ya nje kabla ya kubadilisha chochote, na ukiweza nakili diski nzima kama picha moja, kwa sababu programu ya zamani ambayo kampuni yake imefungwa huenda isikubali tena kusajiliwa. Hakikisha unayo CD au faili la kusakinishia, namba ya leseni na dongo. Kisha bonyeza vitufe vya Windows na R kwa pamoja, andika sysdm.cpl, nenda kwenye kichupo cha System Protection, uiwashe kwa diski C kama imezimwa, jambo ambalo ni la kawaida katika Windows 10 na 11, na utengeneze nukta ya kurejea. Kama diski ya kompyuta imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaoficha data kwa ufunguo, tafuta kwanza ufunguo wa kurejesha, kwa maana baadhi ya hatua zinazofuata zinaweza kuudai.

Anguko ni la aina gani, na je, umeme umehusika?

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayookoa muda mwingi kuliko nyingine zote. Bonyeza Windows na R kisha andika perfmon /rel ili ufungue Reliability Monitor. Utaona kalenda yenye mstari unaopanda na kushuka kati ya 1 na 10, misalaba myekundu siku za maanguko, na alama za bluu siku ambazo programu au masasisho yalisakinishwa. Tafuta siku ambayo misalaba ilianza, halafu tazama ni nini kilisakinishwa siku hiyo au siku chache kabla yake. Mara nyingi utakuta sasisho la Windows, nawe utavutika kulilaumu. Liandike, lakini usihukumu bado.

Sasa fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ingia Windows Logs, kisha System, utafute tukio namba 41 la Kernel-Power. Tukio hili linaandikwa kila Windows inapowaka na kugundua kwamba haikuzimwa kwa utaratibu, na maana yake ni pana kuliko watu wanavyoichukulia: umeme ukikatika, linaandikwa, mtu akiishikilia swichi hadi mashine izime, linaandikwa, skrini ya bluu ikitokea, linaandikwa pia. Mahali ambapo umeme unakatika mara kwa mara, au ambapo betri ya UPS imechoka kiasi kwamba haihimili hata dakika moja, unaweza kukuta orodha ndefu ya tukio 41 isiyo na uhusiano wowote na programu. Laptopu ambayo betri yake imekufa iko katika hali hiyo hiyo.

Kutofautisha, fungua kichupo cha Details cha tukio husika na usome mstari wa BugcheckCode. Ukiwa 0, kompyuta ilikosa umeme au iliganda kabisa bila kupata nafasi ya kuandika kosa; tazama basi mstari wa PowerButtonTimestamp, ambao ukiwa na namba isiyo 0 unaashiria kwamba mtu alishikilia swichi. BugcheckCode ukiwa na namba nyingine, ilikuwa skrini ya bluu ya kweli. Namba hiyo imeandikwa kwa desimali, ilhali maelezo mengi ya makosa yanatumia heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16), hivyo 209 ni sawa na 0xD1, kosa linalotokea draiva inapogusa kumbukumbu isiyostahili kuguswa wakati huo, na 80 ni sawa na 0x50, kosa la kutafuta kumbukumbu isiyokuwepo. La kwanza karibu kila mara ni kazi ya draiva. La pili laweza kuwa draiva, antivirasi au kadi ya RAM iliyoharibika, kwa hiyo ukiliona, endesha mdsched.exe kupima RAM kabla ya kuituhumu programu yoyote.

Kama kompyuta haianguki bali programu ndiyo inayofunga, nenda Windows Logs, kisha Application, utafute tukio namba 1000. Mstari wa Faulting application name unataja kilichoanguka, na ule wa Faulting module name unataja kilichokuwa kikitenda kazi wakati wa kuanguka. Ukikuta explorer.exe katika mstari wa kwanza, na katika wa pili faili la DLL ambalo njia yake inaishia kwenye folda ya programu ya kubana mafaili iliyosahaulika miaka mingi, Explorer haina kosa. Imebebeshwa mzigo wa mwingine. Ukikuta ntdll.dll au KERNELBASE.dll, usihangaike na mafaili hayo, kwani ni ya Windows na yanatajwa tu kwa kuwa kosa lililoanzia kwingine lilidhihirikia hapo.

Kuipata draiva

Skrini ya bluu ikitokea, Windows kwa kawaida huhifadhi faili dogo la kumbukumbu ya anguko katika C:\Windows\Minidump. Unaweza kulisoma kwa BlueScreenView ya NirSoft, ambayo ni nyepesi, au kwa WinDbg ya Microsoft, ambamo amri !analyze -v hutoa maelezo marefu zaidi. Unachotafuta ni jina la faili lenye kiambishi .sys. Likitajwa ntoskrnl.exe, hicho ni kiini chenyewe, na hapa ndipo wengi wanapoamua kuwa Windows imeharibika na kuifomati. Ukweli ni kwamba kiini kwa kawaida ndicho kilichodhurika, na aliyekidhuru ameshaondoka eneo la tukio. Kusanya mafaili matatu au manne ya maanguko tofauti na utazame draiva ipi isiyo ya Microsoft inajirudia katika orodha.

Hata bila skrini ya bluu, inafaa kujua ni draiva gani za kampuni nyingine zimo. Fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike pnputil /enum-drivers, utapata orodha ya vifurushi vya draiva visivyo vya Windows, pamoja na mtoaji, toleo na tarehe ya kila kimoja. Orodha hiyo haitaji draiva zilizowekwa moja kwa moja na visakinishi vya kizamani, na hizo ndizo unazozitaka zaidi, kwa hiyo pakua Autoruns, chombo cha kuorodhesha kila kinachojiwasha, kutoka Sysinternals ya Microsoft, iendeshe kama msimamizi, chagua kuficha mafaili ya Microsoft, na usome vichupo vya Drivers, Services na Explorer. Mstari wa waridi ni wa faili lisilo na saini inayothibitika. Wa manjano ni wa faili ambalo halipo tena ingawa Windows bado inaambiwa ilipakie.

Angalizo kuhusu tarehe. Ukifungua Device Manager na kuona draiva nyingi za Microsoft zenye tarehe 21 Juni 2006, usiziguse. Microsoft iliziwekea tarehe hiyo kwa makusudi ili draiva ya mtengenezaji wa kifaa, ambayo itakuwa na tarehe ya baadaye, ihesabiwe kuwa bora kuliko ya jumla. Tarehe zilizomo ndani ya mafaili ya Windows 10 na 11 nazo zinaweza kuonekana za ajabu, hata za miaka ambayo haijafika. Umri unauhesabu kwa draiva za kampuni nyingine tu.

Kuna orodha nyingine ambayo Windows yenyewe inakuandalia, na sijui kwa nini haitumiwi zaidi. Fungua Windows Security, ingia Device security, kisha Core isolation details, ujaribu kuwasha Memory integrity, ulinzi wa kumbukumbu ya kiini. Kama kuna draiva za kizamani zisizofuata masharti ya sasa, Windows itakataa kuiwasha na kukutajia majina yake kupitia Review incompatible drivers. Draiva zilizoachwa na dongo, kamera za zamani na vigeuzi vya USB kwenda siriali hujitokeza hapo bila kusumbuana na Event Viewer. Draiva kutajwa hapo si uthibitisho kwamba ndiyo inayoangusha kompyuta, lakini ni mshukiwa mzuri wa kuanza naye.

Driver Verifier, inayofunguliwa kwa kuandika verifier, ni chombo kikali kinachozibana draiva hadi yenye kosa iangushe kompyuta mapema na kwa jina lake. Itumie endapo njia nyingine zote zimeshindwa, ichagulie draiva zisizo za Microsoft peke yake, na ujue mapema kwamba kompyuta inaweza kukataa kuwaka. Hapo utalazimika kuingia Safe Mode, hali ya kuwasha Windows kwa draiva chache za lazima, na kuandika verifier /reset.

Kuthibitisha kabla ya kuondoa

Mshukiwa si mkosaji mpaka kompyuta itulie asipokuwepo. Bonyeza Windows na R, andika msconfig, nenda kichupo cha Services, weka alama kwenye Hide all Microsoft services, kisha zima huduma zote zilizobaki. Halafu ingia Task Manager, kichupo cha Startup, uzime vinavyojiwasha. Washa kompyuta upya na uitumie kwa kazi za kawaida kwa muda unaozidi ule ambao tatizo lilizoea kujitokeza: kama iliganda kila siku, siku tatu zinatosha; kama iliganda mara moja kwa wiki, itakubidi usubiri wiki mbili hata kama mwenye ofisi ana haraka. Ikitulia, rudisha nusu ya huduma, kisha nusu ya zilizobaki, mpaka ibaki moja. Ikiendelea kuganda, tatizo liko kwenye draiva ambazo msconfig haizigusi, kwenye vifaa, au kwenye umeme.

Draiva unayoishuku unaweza kuizima kwa kuiondolea alama katika Autoruns, bila kuifuta. Usifanye hivyo kwa draiva yoyote inayohusu diski au kibodi kama huna uhakika nayo.

Kuondoa kwa utaratibu

Anza na njia ya kawaida ya Settings, Apps, Uninstall. Kwa antivirasi hiyo haitoshi, kwa sababu nyingi huacha draiva za kuchuja nyuma yake. Kampuni kubwa za antivirasi hutoa chombo chao maalumu cha kuondolea bidhaa zao, nacho ndicho cha kutumia. Kompyuta yenye antivirasi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja, moja ikiwa ya majaribio iliyokwisha muda wake tangu mashine ilipokuwa ya mtu mwingine huko ilikotoka, ni jambo la kawaida sana kwenye mashine zilizotumika tunazonunua, na kuondoa hiyo iliyokwisha muda peke yake kumeponya kompyuta nyingi zilizodhaniwa kuwa za kutupa.

Vifurushi vilivyoonekana kwenye pnputil viondoe kwa pnputil /delete-driver ikifuatiwa na jina la oem lililotajwa, kwa mfano oem12.inf, na neno /uninstall. Usiingie System32\drivers na kufuta faili la .sys kwa mkono. Draiva za kuchuja zimeandikwa katika Registry chini ya UpperFilters au LowerFilters za kifaa husika, na Windows ikikosa faili lililotajwa hapo inakataa kukiwasha kifaa chenyewe. Ndivyo kiendeshi cha CD kinavyopotea na kuacha kosa la Code 19 au Code 39 baada ya mtu kufuta mabaki ya programu ya kuchomea CD. Kwa CD ni usumbufu tu, ila kwa diski kuu kompyuta haitawaka.

Baada ya kuondoa, endesha sfc /scannow ili Windows ikague na kutengeneza mafaili yake. Ikiripoti mafaili isiyoweza kuyatengeneza, endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc mara ya pili. DISM hupakua mafaili kutoka Windows Update, kwa hiyo kama unatumia bando dogo, tayarisha ISO (faili la kusakinishia) ya toleo lile lile la Windows na uielekeze kwa /Source pamoja na /LimitAccess.

Programu isiyoweza kuachwa

Kichupo cha Compatibility katika Properties za programu kinasifiwa kupita uwezo wake. Kinachofanya ni kuiambia programu kwamba iko kwenye Windows ya zamani zaidi na kuiga baadhi ya tabia za Windows hiyo. Microsoft imekuwa ikifanya hivyo kwa muda mrefu. Windows 95 ilipotengenezwa iliwekewa njia ya pekee ya kugawa kumbukumbu kwa ajili ya SimCity, kwa kuwa mchezo huo uliendelea kusoma kumbukumbu uliyokwisha kuirudisha kwa mfumo. Kwa programu inayokataa kufunguka kwa sababu tu haijui Windows mpya, kichupo hicho kinatosha. Kwa draiva hakina msaada wowote.

Alama ya Run this program as an administrator inahitaji tahadhari ya pekee. Programu za kabla ya Vista zilizoea kuandika data yao ndani ya Program Files, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida leo haruhusiwi kuandika. Windows haizikatalii, bali inazipotosha kimyakimya: data inaandikwa katika folda ya VirtualStore iliyo ndani ya AppData\Local ya mtumiaji huyo, huku programu ikiamini kwamba imeandika mahali pake pa zamani. Matokeo yake ni kwamba karani wa asubuhi na karani wa jioni, kila mmoja kwa akaunti yake, wanaweza kuona ankara tofauti katika programu ile ile. Na siku fundi anapoweka alama ya msimamizi, upotoshaji huo unakoma na ofisi nzima inaona data ya miaka iliyopita tu, kana kwamba ya karibuni imefutwa. Haijafutwa. Iko VirtualStore, na dawa yake ni kusakinisha programu nje ya Program Files, kwa mfano katika C:\Hesabu, kuwapa watumiaji haki ya kuandika humo, na kuihamishia data sahihi ya kila mmoja baada ya kuilinganisha kwa makini.

Programu za biti 16, zikiwemo zote za DOS, haziendeshwi kabisa na Windows ya biti 64. Zilikuwa zikiishi katika Windows 10 ya biti 32, na kwa kuwa Windows 11 haina toleo la biti 32, ofisi inayohama baada ya msaada wa kawaida wa Windows 10 kukoma tarehe 14 Oktoba 2025 itazikosa siku hiyo hiyo ya kuhama. Kwa programu rahisi za DOS, DOSBox, programu inayoiga DOS, inaweza kutosha, ingawa ilitengenezwa kwa ajili ya michezo na uchapishaji wake una mipaka.

Kwa nyingine zote, napendelea mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa yenye Windows yake ndani ya kompyuta yako, kuliko hila yoyote, kwa sababu draiva ya zamani inaanguka humo na Windows ya nje haijui. Windows XP inaridhika na GB 1 ya RAM, hivyo kompyuta yenye GB 8 inaimudu bila taabu. Kati ya programu za kuiendesha, Hyper-V imo katika Windows Pro, lakini haipitishi vifaa vya USB kwa urahisi. Kama leseni yako iko kwenye dongo la USB, VirtualBox ndiyo inayofaa, kwa maana inakuruhusu kulikabidhi dongo kwa mashine pepe moja kwa moja. Zima kadi ya mtandao ya mashine hiyo pepe, kwa kuwa msaada wa XP ulikoma tarehe 8 Aprili 2014, na utumie folda ya pamoja kutoa ripoti. Dongo la tundu la printa la zamani ni habari nyingine. Hilo linahitaji kompyuta halisi ya zamani iliyotengwa na intaneti, yenye diski ya akiba iliyonakiliwa tayari.

Vigeuzi vya USB kwenda siriali vinastahili neno moja, kwa sababu printa za risiti na mizani nyingi bado zinavitegemea. Vyenye chipu ya zamani ya kampuni ya Prolific, au nakala bandia yake, hukataliwa na draiva mpya ya Prolific na kuonyesha Code 10. Mafundi wengi huwarudishia wateja draiva ya zamani, na Windows Update huja kuibadilisha tena. Kununua kigeuzi chenye chipu ya sasa ni rahisi kuliko ugomvi huo.

Kazi ikiisha, hifadhi orodha ya pnputil katika faili la maandishi pamoja na tarehe, kwa amri pnputil /enum-drivers > %USERPROFILE%\draiva.txt, na uifungue tena Reliability Monitor baada ya wiki mbili. Rudia ukaguzi huo kila toleo jipya la Windows linaposakinishwa, kabla ya mtu yeyote kulilaumu, kwa kulinganisha orodha mpya na ile uliyoihifadhi.